Jeraha la mpira lenye halitaki kupona: rangi, maji ya Kivu na kile mikroskopu inaweza kutuambia

Kwanza tuweke jambo hili wazi, juu naona watu wengi wanalichanganya. Kijana akigeuza mguu kiwanjani na kifundo kikavimba, hakuna daktari mwenye atakata kipande cha nyama yake aende kukipaka rangi. Atamshika mguu, atauzungusha, atauliza ilipiga kelele gani wakati wa kuanguka, na kama kuna pesa atamtuma ekografi. IRM ni habari nyingine, wengi wetu tunaisikia paka kwenye taarifa za wachezaji wa Ulaya. Majeraha mengi ya michezo yanatambuliwa kwa mikono, kwa maswali na kwa kungoja.

Lakini kuna yale machache yanayodanganya, na hayo njo yananifanya niandike.

Chukua kijana wa miaka 16. Alipigwa teke kwenye paja, damu ikavia ndani, wakamkanda kwa maji ya moto, wakampaka dawa, akarudi kucheza. Baada ya wiki tatu kuna kitu kigumu ndani ya paja. Inaweza kuwa ni msuli unaojitengenezea mfupa palipovia damu, hali yenye inapona yenyewe kwa miezi kadhaa kama watu wanaacha kuikandakanda. Inaweza pia kuwa osteosarkoma, kansa ya mfupa yenye inapenda sana vijana wanaokua, na inapenda sana maeneo ya karibu na goti. Umri ni ule ule, mahali ni karibu pale pale, na hadithi ni ile ile: "alipigwa kwenye mpira". Hapo kipande kidogo cha tishu kinaamua kama mguu utabaki ama utakatwa.

Ubaya ni kwamba hata mikroskopu inaweza kudanganyika. Kwenye wiki za mwanzo, seli za lile jeraha zinagawanyika kwa kasi, zinafanana na za sarkoma. Mmarekani Lauren Ackerman alieleza mwaka 1958 namna ya kutofautisha: katika jeraha, mfupa uliokomaa uko pembeni na vurugu iko katikati. Katika kansa mara nyingi ni kinyume. Sasa fikiria daktari amechukua kipande cha katikati tu, kidogo kama punje ya muhindi, kisha kimepakwa rangi vibaya, viini vya seli vimepauka. Msomaji wa kile kioo atasema nini? Atasema kile anachoona.

Mdanganyifu mwingine ni goti lenye linavimba miezi na miezi. Kwetu goti la mchezaji likivimba, kila mtu anasema ni ligamenti ama meniski. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye kiungo bila mtu kukohoa hata siku moja. Anavutwa mguu na wazee wanaorekebisha mifupa, anadungwa sindano za kutuliza, na gegedu linaliwa polepole. Tishu ya ndani ya goti, ikipakwa rangi ya kawaida, inaonyesha vifundo vya seli vyenye katikati yake kumekufa, kunafanana na jibini. Ikipakwa Ziehl-Neelsen, mbinu ya mwaka 1882 na 1883 yenye kila labo ya kifua kikuu inaijua, vijidudu vinabaki vyekundu juu ya msingi wa buluu. Lakini kwenye kiungo vijidudu ni vichache kuliko kwenye makohozi, kwa hiyo kutoviona hakumaanishi havipo. Njo maana kipande kigawanywe kabla ya kuingia formoli: nusu moja ibaki mbichi kwa ajili ya GeneXpert ama kuotesha vijidudu, nusu nyingine iende kwenye formoli. Ukitumbukiza yote kwenye formoli umeua kila kitu, na kuotesha hakuwezekani tena.

Sasa, mimi ni mwagronomi. Mtauliza agronomi inaingilia wapi kwenye goti la mchezaji. Inaingilia kwa safranini. Mwenye alifanya TP ya botaniki anaikumbuka: unakata shina jembamba kabisa, unapaka safranini na kijani cha fasti, kisha unaona mbao za mishipa ya maji zimekuwa nyekundu na kuta laini za selulozi zimekuwa kijani. Kumbe watu wa mifupa wanatumia safranini ile ile, na kijani kile kile, kupima gegedu. Gegedu zima linakuwa jekundu kwa sababu limejaa protini zenye sukari na salfeti, zenye chaji hasi, na safranini ina chaji chanya. Gegedu likianza kuchakaa, zile protini zinatoka na wekundu unapungua kutoka juu kwenda chini. Mwaka 1971 Henry Mankin na wenzake waliufanya upungufu ule wa rangi kuwa sehemu ya alama za kupima uchakavu wa kiungo, na alama hizo zinatumika hadi leo. Chupa ya safranini iko kwenye labo nyingi za botaniki na za bakteria (ni rangi ya mwisho katika mbinu ya Gram). Yaani si kitu cha kuagiza Ulaya.

Turudi kwenye rangi ya kawaida, juu kama hiyo haiko sawa, zingine zote ni mapambo.

Rangi ya kawaida ni mbili pamoja: hematoksilini na eozini. Hematoksilini inatoka kwenye mti, *Haematoxylum campechianum*, wa upande wa Meksiko na Amerika ya Kati, mti wa jamii ya kunde kama maharagwe yetu (mwagronomi hawezi kuacha kusema hilo). Peke yake haishiki kitu. Inahitaji oksijeni igeuke hemateini, na inahitaji aluni, ile shabu ya dukani, ili alumini iwe mkono wa kuishikisha kwenye asidi za kiini cha seli. Eozini ni rangi ya kiwanda ya karne ya 19, inapaka waridi kila kilichobaki: nyuzi za msuli, kolajeni, seli za damu. Matokeo mazuri ni viini vya buluu iliyokolea na mwili wa seli wa waridi, na mpaka kati yao usome kama maandishi.

Nikisema kuboresha mbinu, watu wanafikiria mashine mpya. Mi naona mambo mawili yanaharibu kazi kabla mashine haijafikiriwa: formoli na maji.

Formoli ikikaa kwenye chupa inageuka polepole kuwa asidi ya fomiki. Sasa tishu ya jeraha la michezo mara nyingi imejaa damu. Damu ikikutana na formoli yenye asidi, inatengeneza madoa ya kahawia karibu meusi, yametapakaa kila mahali. Msomaji asiyezoea anaweza kudhani ni hemosiderini, chuma kinachobaki mahali palipovuja damu zamani, na akaandika "kuvuja damu kwa zamani" wakati jeraha ni la juzi. Tena kwetu kuna kitu cha tatu: rangi ya malaria ndani ya seli, nayo ni kahawia-nyeusi na inafanana mno na madoa ya formoli. Namna ya kutenganisha ni ya Perls, ya mwaka 1867, na bei yake ni ndogo: ferosianidi ya potasiamu na asidi ya hidrokloriki. Hemosiderini inakuwa buluu kali. Doa la formoli halibadiliki, na la malaria pia halibadiliki. Madoa ya formoli yanaweza kuondolewa kwa alkoholi yenye asidi ya pikriki, lakini ni bora yasizaliwe.

Yasizaliwe vipi? Kwa kuweka bafa. Lita moja inahitaji mililita 100 za formoli ya dukani, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni mbili (ile yenye molekuli moja ya maji) na gramu 6.5 za fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni moja, kavu. Basi. Formoli iwe mara 10 hadi 20 ya ukubwa wa kipande. Inapenya polepole, karibu milimita moja kwa saa, kwa hiyo kipande kinene kama kidole gumba kitaoza katikati wakati pembeni kimekauka vizuri. Kipande kisizidi milimita 5. Nimeona chupa ndogo ya dawa, mdomo mwembamba, kipande kimesukumwa ndani kwa nguvu na formoli iko nusu kijiko. Mwenye alifanya vile si mtu mubaya, hakuna tu aliyemwambia. Na wanaoishika wavae glovu na wafungue dirisha, formoli inaleta kansa kwa mwenye anaivuta kila siku.

Maji njo yananichangamsha zaidi, juu hapa Goma tuko na bahati na balaa pamoja.

Hematoksilini ya aluni ikitoka kwenye chupa, viini havina buluu. Ni vyekundu-zambarau, juu dawa yenyewe ina asidi. Kinachovigeuza buluu ni kuosha kwa maji yenye alkali kidogo, pH 8 hivi au 9. Labo zenye maji ya bomba ya aina hiyo zinaosha tu. Zenye maji laini zinatengeneza dawa ya Scott, yaani maji yenye bikabonati ya sodiamu na salfeti ya magnesiamu. Sasa angalia ziwa letu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, yamejaa bikabonati, na yana magnesiamu mingi. Nikisoma mapishi ya Scott nacheka: ni kama mtu alichota pale ufukweni na kuandika alichokuta. Na maji ya bomba ya mji yanapampwa kutoka ziwani.

Balaa iko juu ya mabati. Mji umejengwa kwenye lava, maji yanapotelea chini, hatuna mto wa kupita katikati, na nyumba nyingi na taasisi nyingi zinaishi kwa sitema ya mvua. Mvua ya kawaida tu, hata mahali pasipo volkano, ina pH ya 5.6 hivi, kwa ajili ya kaboni ya hewani. Mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo inashuka na asidi zaidi. Wakulima wa upande wa volkano wanaijua kwa majani ya maharagwe na migomba yaliyoungua madoa. Ukiosha kioo cha hematoksilini kwa maji hayo, viini havitageuka buluu hata ukingoja mpaka jioni. Vitabaki na wekundu uliopauka, vitakaribia waridi ya eozini, na ule mpaka niliosema usome kama maandishi unafutika. Fundi ataongeza dakika kwenye rangi, atatupa chupa, ataagiza ingine kwa dola nyingi. Na chupa haikuwa na kosa.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu rangi, pima maji ya kuoshea kwa karatasi ya pH. Ikiwa chini ya 7, weka bikabonati ya sodiamu, ile ya kupikia, gramu 2 au 3 kwa lita, upime tena. Ukitaka kujaribu maji ya ziwa, yachuje kwanza kwa karatasi ya kuchujia, juu mwani unaweza kukaa juu ya tishu na kumchanganya msomaji. Maji ya bomba yenye klorini nyingi yaache usiku mzima kwenye ndoo wazi, klorini inafifisha rangi. Na hapa kuna kijitego: eozini inataka asidi kidogo, pH kati ya 4 na 5. Ukitoa kioo kwenye maji ya alkali na kukitia moja kwa moja kwenye eozini, eozini itashika vibaya, na kila kioo kitazidi kuiharibu. Pitisha kwanza kwenye maji yasiyo na alkali wala asidi. Mtu anaboresha buluu, anaharibu waridi, kisha anasema mbinu haifai.

Je, rangi hizi zimewahi kubadilisha kitu kwa mchezaji wa kawaida, mwenye hana kansa wala kifua kikuu? Ndiyo, na mfano mkubwa ni kano. Hapa kila maumivu ya nyuma ya kisigino yanaitwa "tendiniti", jina lenye maana ya kano kuwaka. Mwaka 1991 Pekka Kannus na László Józsa walitoa utafiti wa watu 891 waliokatika kano ghafla. Walipaka rangi vipande vya kano zile, na 97 kwa mia zilikuwa tayari zimechakaa: kolajeni imevurugika, mafuta yameingia, seli zimekufa. Kwenye kano za watu wasioumia, uchakavu wa namna hiyo ulikuwa karibu theluthi moja. Yaani kano halikukatika siku ile ya mchezo. Lilikuwa linakatika kwa miezi, kimya kimya, na mchezo ulimalizia tu. Kutoka hapo matibabu yalihama polepole kutoka sindano za kuzima moto kwenda mazoezi ya kulibebesha kano uzito hatua kwa hatua. Kisha hadithi ikageuka tena kidogo: rangi za kisasa zenye kutumia antibodi zilionyesha seli za kinga ndani ya kano zilizodhaniwa hazina moto wowote. Hazikuwa zimejificha, ni rangi ya zamani haikuweza kuzitofautisha.

Kwa kolajeni kuna mbinu nyekundu iitwayo sirius pamoja na asidi ya pikriki, iliyoelezwa na Luiz Junqueira na wenzake wa Brazili mwaka 1979. Ukiangalia kwa mwanga uliochujwa mwelekeo, nyuzi nene zilizopangwa vizuri zinang'aa machungwa na nyekundu, nyembamba zinang'aa kijani. Vitabu vingi vinasema machungwa ni kolajeni ya aina ya I na kijani ni ya aina ya III. Msiyakubali haraka, rangi inafuata unene na mpangilio wa nyuzi kuliko aina yake. Lakini kwa kujua kama kano limepangika au limevurugika, inatosha sana. Na kichujio cha mwanga? Kila skrini ya kalkuleta ya zamani ina karatasi mbili zake. Nenda Birere kwa mafundi wa simu, omba skrini zilizokufa, weka karatasi moja chini ya kioo na nyingine juu, zungusha mpaka kuwe giza.

Mfano wa jirani ni wa misuli. Bengt Saltin na wenzake walikwenda kwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya, na mwaka 1995 wakatoa matokeo ya vipande vidogo vya misuli ya miguu vilivyochukuliwa kwa sindano. Waliganda­misha, wakakata, wakapaka rangi ya kutofautisha nyuzi za polepole na za haraka. Watu walingoja wasikie Wakenya wako na nyuzi za ajabu. Sehemu ya nyuzi za polepole haikutofautiana sana na ya wakimbiaji wa Skandinavia. Siri ikabidi itafutwe kwingine. Mbinu yenyewe nayo ni suala la pH: ukikalisha kipande kwenye asidi ya pH 4.3 hivi, kimeng'enya cha nyuzi za haraka kinakufa na za polepole zinabaki nyeusi. Kwenye alkali ya pH 10.3 inakuwa kinyume. Kosa la desimali chache linakupa mwanariadha mwingine kabisa. Kugandisha kunatumia azoti ya maji, ile ile ya kuhifadhi mbegu za ng'ombe kwa upandikizaji.

Wengine wataniuliza rangi za mimea yetu, juu hematoksilini ni ghali. Watafiti wa Nigeria wamejaribu maua ya ngai-ngai, yale mekundu ya kutengeneza bisapu, wakiyachanganya na aluni ama chuma, na viini vimeshika. Mimi naipenda hiyo kwa TP za wanafunzi. Kwa mgonjwa, hapana. Rangi ya ngai-ngai inabadilika na pH, inafifia kwa mwanga, na kila shamba litakupa nguvu yake. Kioo cha paja la yule kijana wa miaka 16 lazima kiweze kusomwa tena baada ya miaka, na mtu mwingine, mahali pengine, juu madaktari wanaosoma tishu ni wachache sana katika nchi hii na kipande mara nyingi kinasafiri.

Kwa wale wanaotafuta mada ya memwari, biolojia, biomedikali au hata agronomi: chukueni misuli ya mbuzi kutoka machinjioni, haihitaji ruhusa ya mgonjwa. Kateni vipande sawa, wekeni nusu kwenye formoli yenye bafa na nusu kwenye formoli ya kawaida iliyokaa miezi sita. Pakeni hematoksilini na eozini ya chupa moja. Osheni kwa maji manne: ya ziwa yaliyochujwa, ya bomba, ya sitema, na ya Scott. Andikeni pH ya kila maji kila wiki, kwenye mvua na kwenye kiangazi, pamoja na siku zenye moshi wa volkano umelalia mji. Kisha wapeni wasomaji wawili vioo vyenye namba tu, bila kuwaambia ni maji gani, watoe alama za viini kutoka 0 hadi 3. Karatasi za pH, bikabonati na nyama ya mbuzi vinapatikana hapa mjini. Kinachobaki ni mikrotomu, na hiyo mtaiomba kwa barua ya fakilte.